Mrejesho: Hatimaye nimenunua gari jipya

Ndugu zangu, niliwauliza kama niendelee kulitengeneza gari langu kuukuu au ninunue jipya, jambo nililoliahirisha kwa miaka mingi. Wengi mlinishauri ninunue, na sasa nimenunua.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kukagua matairi kabla ya kutia saini, kwa kuwa gari laweza kuitwa jipya ilhali limekaa uwanjani muda mrefu. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4 ambazo mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Wakati mwingine huandikwa upande wa ndani tu, kwa hiyo msione haya kuinama. Gari la kwanza nililooneshwa nililikataa kwa sababu hiyo.

Hakuna aliyenitahadharisha, hata hivyo, kwamba chini ya zulia la buti ningekuta pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha badala ya tairi la akiba, na dawa hiyo haifui dafu tairi likichanika ubavuni. La akiba nimelinunua kando.