Naomba ushauri: ndege adimu wa Kilifi, niende lini?

Habari zenu wakuu. Nina likizo moja tu mwaka huu na nimekwama kati ya msimu wa kusi na wa kaskazi.

Wakati wa kaskazi, hori ya bahari ya Mida Creek hujaa ndege wageni kutoka ng'ambo. Namtaka hasa yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa. Niliwahi kwenda, nikafika maji yamejaa hadi kwenye mikoko, ndege wako mbali, darubini haikunisaidia kitu! Je, bora maji yakiwa yanapwa au yakianza kujaa?

Nikienda masika, kusi ikianza, kuna kwera wa Clarke, asiyepatikana popote duniani nje ya Kilifi. Kiota chake kilionekana mara ya kwanza eneo la msitu wa Dakatcha mwaka 2013, kwenye madimbwi ya mvua. Barabara za huko mvua ikinyesha zinapitika kweli?

Bundi mdogo wa Sokoke yupo msituni Arabuko mwaka mzima, kwa hiyo huyo hanipi presha. Ila mchana hulala kichakani kama jani kavu, bila mwongozaji utampita tu.

Mliowahi kwenda, mngekuwa mimi mngechagua miezi ipi?