Ushauri: Cheti cha kisima kinasema maji ni salama, meno ya mtoto yanaota na madoa

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Tulihamia Usa River, Arusha, kutoka Mwanza, mkubwa wangu akiwa hata kutembea hajaanza. Sasa yuko darasa la pili, meno ya utoto yameng'oka na haya mapya yanaota na michirizi myeupe kama chaki. Mawili ya mbele yana madoa ya kahawia. Namsugua mpaka fizi zinatoka damu, wapi! Mdogo wake ana mwaka na nusu.

Maji tunanunua kwenye kisima kirefu cha mtu binafsi hapa mtaani. Ya kunywa nachemsha yote. Nilipomuuliza mwenye kisima akanitolea cheti cha maabara kimetiwa nailoni, chini kimeandikwa "yanafaa kwa matumizi ya binadamu". Nikakisoma mstari kwa mstari: wamepima vijidudu, tope na chumvi basi. Floridi, yaani ile madini ya majini inayoharibu meno ikizidi, haimo kabisa. Kumwambia, ananijibu watu wanayanywa miaka yote na hawajafa.

Nianzie wapi? Na kwa sasa watoto wanywe nini? Nawasilisha.

Chalii wa Leganga
Hahaa, pole mama. Hayo meno ndiyo kitambulisho chetu. Ukicheka tu Kariakoo wanajua umetoka Meru.

MenoMeupe
Chalii, utani pembeni kidogo. Dada, acha kumsugua mtoto. Doa limo ndani ya jino, liliingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi. Akikua, daktari wa meno anaweza kulipunguza au kulifunika. Wa kuwahi ni huyo mdogo, maana meno ya kudumu mengi hujengwa tangu kuzaliwa mpaka kama miaka 8. Dawa ya meno mwekee kiasi cha punje ya mchele, asije akaimeza.

Fundi Pampu
Shemeji, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floridi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, kwa hiyo yanazidi kuwa makali. Waterguard na chujio la mshumaa navyo haviigusi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, ndiyo maana kisima kinaweza kuwa cheupe pee, kitamu, na bado kina shida.

Pima kwanza. Chukua chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze, peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, na utamke mwenyewe kwamba unataka floridi. Usiposema watakupimia vya kawaida, kama alivyofanya mwenye kisima wako.

Mwenye kisima pia
Tusionee watu. Kiwango cha Tanzania ni miligramu 4 kwa lita.

Fundi Pampu
Hicho cha zamani, mkuu. Siku hizi ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani.

Bibi Kikatiti
Mwanangu, magadi unatia kwenye makande? Acha. Magadi ya huku yana floridi kuliko hata maji. Mimi magoti na mgongo havikunjiki, na hospitali waliniambia ni maji ya tangu utotoni.

MamaWawili
Asanteni, bibi shikamoo. Majibu yametoka: 5.6. Magadi nimeyatupa. Sasa nimshitaki mwenye kisima?

Fundi Pampu
Peleka nakala ya majibu RUWASA wilaya (wakala wa maji vijijini), na nyingine Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa kuwa hao ndio wanaotoa vibali vya kutumia maji ya kisima. Pitia na kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini usidai kisima kifungwe. Kikifungwa, watu watarudi mferejini na tutauguza kipindupindu. Dai abandike majibu pale bombani: ya kufulia na kuogea sawa, ya kunywa na kupikia hapana.

Nyumbani badilisha ya kunywa na kupikia tu, uji wa mdogo uwe wa kwanza. Ukinunua ya chupa soma lebo, floridi huandikwa. Kuna pia machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamehangaika nayo miaka mingi. Yanafanya kazi, ila mkaa ukishashiba ladha haibadiliki, hivyo usipopima tena unajidanganya.

Nafuu kuliko yote ni mvua. Kama una bati, funga gata na simtanki. Manyunyu ya kwanza yaache yaoshe paa, ndipo ukinge. Haya ndiyo ya kuchemsha sasa.

MamaWawili
Bati lipo, nyumba ni ya kupanga. Naongea na baba mwenye nyumba kesho, gata nitanunua mwenyewe tukatane kwenye kodi.