Waranti ni ya diski, si ya data! Wauzaji na mafundi wa Mombasa, mwatumaliza

Jamani, huu mtindo wa kumuuzia mtu diski ya bei ghali kisha kumtuliza na "ina waranti ya miaka mitano" ukome. Waranti inakuletea diski nyingine, tupu. Video za harusi na hesabu za duka hazimo kwenye karatasi ile.

Kinachoudhi zaidi ni hizi kaunta za mjini. Diski inaletwa ikilia tik-tik, na fundi kitu cha kwanza anaendesha CHKDSK /f ya Windows. Hiyo kazi yake ni kunyoosha mfumo wa faili, si kuokoa data: inaandika kwenye diski inayokufa, na kichwa kibovu cha kusomea kinazidi kukwaruza sahani zinazobeba data. Mwingine anafungua kifuniko papo hapo, feni inavuma. Kichwa hupita nanomita chache juu ya sahani. Kwake chembe ya vumbi ni jabali. Wa tatu anapachika bodi ya saketi ya diski nyingine, "modeli ni moja", bila kuhamisha chipu ya ROM yenye vipimo vya diski ile. Haisomi, ati diski ndiyo mbovu!

Inayolia izimwe, basi. Isiyolia na bado inaonekana, angalia SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, kwa programu ya Windows CrystalDiskInfo. Namba za 05, C5 au C6 (sekta zilizoharibika au zisizosomeka) zikipanda, usianze kunakili folda mojamoja. Nakili diski nzima kwenye nyingine isiyopungua ukubwa, kwa Linux:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map

kisha urudie sehemu ngumu:

ddrescue -d -f -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.map

Chanzo (hapa sdb) ndicho kinachotangulia, kisha diski ya kupokea (sdc). Ukivigeuza umejichinja mwenyewe, kwa hivyo hakikisha majina kwa amri ya lsblk kwanza. Programu za kurejesha faili ziendeshwe kwenye nakala.

SSD, zile diski za chipu zisizo na sahani, nazo hazilii. Kidhibiti kikifa, imekufa ghafla, na nyingi husimba data kwa ndani, kwa hivyo kung'oa chipu hakusaidii. Ulichofuta, TRIM (amri inayoiambia SSD data ile haihitajiki tena) ikishapita, sahau. Na msizifungie kabatini miaka bila umeme kwa joto hili letu la pwani: chaji ya seli huvuja, joto likiichochea.

Mwenye chumba cha hewa safi cha kufungulia diski hapa Mombasa ajitokeze, ataje bei, na aseme kama analipwa hata data isipopatikana.