Mbao imerudi ikatoboa mabati. Niendelee na hii meza ya msumeno au niiache?

Fundi_wa_Corner (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu mafundi. Nina kibanda cha samani karibu na Dagoretti Corner, Nairobi. Tunatengeneza vitanda, makabati na stuli za baa. Mashine ya kiwandani sina. Nilichukua msumeno wa umeme wa mkono, ule wa inchi saba na robo, nikaugeuza kichwa chini na kuufunga kwa bolti chini ya meza, bledi ikatokea juu. Swichi yake ni ya kushikilia kwa kidole, kwa hivyo tuliikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kuwasha na kuzima tunafanyia kwenye soketi ya ukutani. Najua mnacheka, lakini imenilipia kodi miaka miwili.

Alhamisi tulikuwa tunapasua saipresi ya inchi sita kwa moja. Mimi nasukuma, kijana wangu anapokea upande wa pili. Tulipofika kama robo tatu nikasikia sauti ya bledi imekuwa nzito, kama mtu anayekabwa. Kabla sijawaza lolote mbao ilichomoka mikononi, ikanipita ubavuni, ikachana aproni na kutoboa mabati nyuma yangu. Ikabaki hapo, nusu ndani nusu nje. Mama anayechoma mahindi upande wa pili alikuja kuuliza kama tunapigana.

Sikuumia. Ila tangu siku hiyo nikikaribia ile meza mkono unatetemeka. Kijana anasema nilisukuma vibaya. Mimi naona ni mbao, ilikuwa mbichi. Pesa ya mashine ya maana sina kwa sasa, na oda ya vitanda vinne ni ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mzee_wa_Randa

Pole sana. Ulikuwa umesimama pembeni kidogo, ndiyo maana unaandika leo.

Mbao ndiyo iliyokosa, na meza yako ikaisaidia. Saipresi mbichi ina nguvu imejikunja ndani. Ukiipasua, zile pande mbili zinataka kurudiana, na zikirudiana zinaibana bledi. Sasa angalia bledi yako: meno ya mbele yanashuka, yanakandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikishikwa na yale ya nyuma inainuliwa na kurushwa kwako. Bledi ya ukubwa huo ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno yanakwenda kama kilomita 170 kwa saa. Hakuna mkono wa kushindana na hiyo.

Dawa yake ni kisu cha nyuma: kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, ndani ya ule mpasuo, ili mbao isijifunge. Unene wake uwe katikati. Kizidi unene wa mwili wa bledi, lakini kisifikie upana wa meno. Kama meno yako yanakata milimita 2.4 na mwili ni 1.6, kata chuma cha milimita 2. Kikae karibu na meno, nafasi isizidi milimita 8, na kilele chake kiwe chini kidogo ya kilele cha bledi. Fundi yeyote wa chuma pale Kamukunji atakukatia ukimpelekea bledi yenyewe aipime. Mpaka ukipate, kila mkipasua futi mbili zima mashine, bledi isimame kabisa, kisha chomeka kabari kwenye mpasuo.

Na huyo kijana anayepokea mwambie aache kuvuta. Mbao ikirudi ghafla naye ameishika, inamburuta mkono mpaka kwenye meno. Yeye kazi yake ni kuibeba tu isining'inie.

Boss_wa_Gikomba

Mnatisha watu bure. Mimi napasua mbao tangu 1998, kofia ya msumeno, ile ya kufunika bledi, niliitupa siku ya kwanza kwa sababu inaziba macho. Vaa glavu nzito za ngozi, kaza mkono, basi. Mbao zikirudi zinarudi, ndiyo kazi.

Mama_Samani

Kaka, kubaki na vidole vyote ni bahati, usifundishe watu kwa bahati. Glavu kwenye bledi inayozunguka ni mtego. Mkono mtupu ukiguswa unakatwa pale ulipogusa. Glavu ikinaswa uzi mmoja inavutwa yote, na mkono umo ndani. Glavu ni za kupakua mbao kwenye mkokoteni. Mezani: mikono mitupu, mikono ya shati imekunjwa, nywele zimefungwa, na leso ubaki nayo nyumbani.

Mimi kilichonisaidia ni kijiti cha kusukumia. Nilichonga kwa kipande cha plaiwudi, umbo la kiatu, kisigino kinashika mwisho wa mbao. Kimeshakatwa ncha mara tatu. Kila mara nakiangalia nafikiria kidole gumba. Kipande chembamba usikipeleke kwa mkono hata kama mteja amekaa hapo anakuangalia saa.

Waya_na_Swichi

Nyote mmepita hiyo tyubu ya baiskeli kama haipo. Mimi ndiyo iliyonitoa jasho.

Stima inapotea, mnakaa mnapiga gumzo, hakuna anayekumbuka soketi. Kijana anaona nafasi ya kufagia unga wa mbao uliokwama chini ya bledi. Stima inarudi. Swichi imekazwa, mashine inaamka yenyewe. Nimeitwa kurekebisha waya kwenye karakana moja baada ya jambo kama hilo, na ile brashi niliikuta imekatwa katikati kama karoti. Mwenye brashi alikuwa ametoa mkono kuchukua simu.

Toa hiyo tyubu leo. Nunua swichi ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu. Stima ikipotea inajiachia, na ikirudi hakuna kinachozunguka mpaka ubonyeze kijani. Ifunge mbele ya meza, mahali unapoweza kuizima kwa paja mikono ikiwa na kazi. Na kubadilisha bledi ni plagi nje ya soketi, uione kwa macho yako. Kuzima ukutani hakutoshi, kuna mtu atapita aibonyeze akitaka kuchaji simu.

Kijana_wa_Kariobangi

Samahani kuingilia. Hiyo bledi yenye meno, ya kukatia mbao, inayofungwa kwenye grinda iko sawa? Naona wengi wanaitumia kukatia.

Mzee_wa_Randa

Hapana. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, haina kitako cha kukaa juu ya mbao, na meno yakishika inaruka kuelekea usoni au pajani. Na wale wanaotoa gadi, kile kinga cha diski, ili waingize diski ya inchi tisa wasome maandishi kwenye diski: nyingi zimeandikwa mwisho mara 6,600 kwa dakika. Ukiizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya hapo inaweza kupasuka, na vipande havichagui pa kwenda.

Nesi_wa_Zamu

Mimi niko upande wa kuwapokea. Kidole kikikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, usilegeze kuchungulia. Usimwage mafuta ya taa wala sukari. Kile kipande kisuuze kidogo, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye karatasi ya plastiki na uifunge, halafu hiyo plastiki ndiyo iwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiua. Watu hutuletea vidole kwenye mfuko wa shati, vingine ndani ya maziwa. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walimrudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kwa hiyo msikate tamaa mkautupa.

Na muda wa kufika msiuchezee. Pigieni simu hospitali mkiwa njiani.

Wakili_Mdogo

Fundi, huyo kijana unamlipa? Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2007 inamhesabu hata mwanagenzi. Akiumia, unatakiwa kuripoti ndani ya siku saba, na unatakiwa uwe umemkatia bima. "Alikuwa anajifunza tu" si jibu.

Fundi_wa_Corner

Asanteni wote. Huyo wa mwisho amenifanya nikose usingizi, nitakutafuta pembeni.

Jana sikupasua chochote. Tyubu imetoka. Swichi ya vitufe viwili nimepata mjini, nimeifunga usawa wa paja kama mlivyosema. Kisu cha nyuma kinakatwa, nitakichukua Jumamosi. Saipresi mbichi nimeipanga kwa vijiti ikauke, na mbao za hivi vitanda vinne nimeamua kulipa zipasuliwe kwenye mashine kubwa huko mbele. Faida imepungua, lakini mkono hautetemeki. Kijana nimemwachia achonge kijiti cha umbo la kiatu, amechonga viwili, kimoja ameandika jina lake.

Mama_Samani

Na ile mbao kwenye mabati?

Fundi_wa_Corner

Bado ipo. Nimeikata kwa msumeno wa mkono upande wa ndani, tunatundikia aproni. Upande wa nje mama wa mahindi anatundika mfuko wake wa chumvi na pilipili.