Nimechoka! Ripoti yangu imekataliwa kwa sababu mtuhumiwa ni panya

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na umeandikwa kwa hasira, asiye na muda apite tu. Mods nawaomba msiuhamishie jukwaa la vichekesho, maana najua vidole vimeshaanza kuwawasha.

Kazi yangu ni kulea seva, zile kompyuta kuu zinazohudumia ofisi nzima. Wiki iliyopita, usiku wa manane, mtandao ukakata. Nikakagua ruta, nikakagua swichi, nikazima nikawasha (ndiyo, nilizima nikawasha, msiniulize). Mwisho nikapanda darini na tochi mdomoni. Nikaikuta kebo ya faiba imekatwa kama kwa mkasi, na pembeni yake vinyesi vidogo vyeusi vimepangana kama saini. Nikavuta kebo ya akiba, kulipokucha mtandao ukawa umerudi, nikaandika ripoti ya mstari mmoja: "Chanzo cha tatizo: panya ametafuna kebo."

Ripoti ikarudishwa. Wino mwekundu: "Toa sababu ya kitaalamu."

Nikakaa chini nikaandika upya: "Safu ya kwanza ya mtandao ilishambuliwa na kiumbe wa nje asiye na idhini ya kuingia, aliyetumia nguvu badala ya nywila." Ikapita siku hiyohiyo. Tena nimepongezwa kwa kugundua udukuzi! Sasa kimeitishwa kikao cha kubadilisha nywila za ofisi nzima. Jamani, panya hana akaunti. Hajui hata herufi. Na wale wenzangu wa kitengo, badala ya kunitetea, wametengeneza stika: panya amevaa kofia ya mdukuzi, mbele yake kuna kipanya cha kompyuta, chini wameandika "mtoto wa dada".

Kinachonikera si stika. Stika ni nzuri, nimeihifadhi. Kinachonikera ni kwamba meno ni adui mkubwa wa mtandao tangu mtandao haujaitwa mtandao, lakini kila likitokea tukio linatupwa kwenye ukurasa wa habari za ajabu, kati ya mbuzi aliyepanda juu ya paa na boga lenye sura ya mtu. Tunacheka, tunasambaza, tunasahau. Mdukuzi akigusa seva dakika tano kunaundwa kamati. Kindi akizima soko la hisa, tunamwita mtundu.

Mnadhani natia chumvi? Tarehe 9 Desemba 1987 kindi mmoja nchini Marekani alijichoma kwenye vifaa vya umeme, na soko la hisa la NASDAQ likasimama dakika 82. Soko hilohilo ambalo kampuni kubwa za kompyuta zimejiorodhesha. Agosti 1994 kindi mwingine akarudia, soko likalala dakika 34. Miaka saba walikuwa nayo ya kujiandaa!

Na msije na lile swali la "mbona ndege wanakaa juu ya waya hawafi". Ndege anakanyaga waya mmoja kwa miguu yote miwili, kwa hiyo umeme hauna sababu ya kupita mwilini mwake. Kindi ana mwili mrefu na tabia ya kushika kila kitu. Mkono uko kwenye waya, mguu uko kwenye chuma kilichoungana na ardhi, yeye mwenyewe amegeuka daraja. Umeme unavuka, kinga inakata laini nzima, mtaa unaingia giza. Na kutafuna si ukorofi. Panya, kindi na wagugunaji wenzao wote meno yao ya mbele hayaachi kukua hadi wanakufa, kwa hiyo lazima wayasage kwa kutafuna kitu. Kebo yako ni jiwe la kunolea, basi. Hakuna sasisho la programu litakalotibu hilo.

Kuna mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Cris Thomas, mwaka 2013 aliamua kuanza kuhesabu matukio ya wanyama kukata umeme duniani, akiwakejeli wanaotutisha kila siku kuhusu vita vya mtandaoni. Kwenye orodha yake kindi waliongoza kwa mbali, ndege wakafuata. Yaani jamaa kafanya mzaha, mzaha ukageuka takwimu. Hiyo ndiyo orodha niliyotaka kuiambatanisha na ripoti yangu, nikashauriwa nisijiharibie.

Haya, mtaniambia suluhisho ni kuwa na njia mbili, moja ikikatika nyingine inabeba. Mwaka 2005 New Zealand walikuwa nazo mbili. Panya akatafuna ya kwanza. Kabla haijatengenezwa, mtu aliyekuwa akichimba shimo la nguzo akakata ya pili. Soko la hisa likafungwa. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikazunguka kiti changu mara mbili, halafu nikaenda kuangalia njia zetu mbili zinapita wapi. Zote zinapita dari moja.

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, nchi nzima ikakosa umeme. Tumbili akapona! Akakabidhiwa kwa shirika la wanyamapori, mzima wa afya. Mimi nikisahau kulipia jina la tovuti siku moja naitwa ofisini, yeye kazima nchi na akapewa matunzo.

Lakini ukoo ninaoutaka uchunguzwe rasmi ni wa kicheche. Pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna ule mtambo wa kugonganisha chembe wenye duara la kilomita 27, unaotafuta siri za maumbile. Aprili 2016 ulizimwa na mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliyeingia kwenye transfoma ya volti 66,000. Novemba mwaka huohuo ndugu yake akaruka uzio, akapigwa na volti 18,000, na sasa amekaushwa, yuko kwenye jumba la makumbusho ya viumbe la Rotterdam, Uholanzi. (Jumba hilohilo limemhifadhi shomoro aliyepigwa risasi mwaka 2005 kwa kosa la kuangusha domino 23,000 kabla ya jaribio la rekodi ya dunia. Mnaona nani anaadhibiwa? Shomoro!) Na kabla ya hapo, mwaka 2009, mtambo huohuo wa CERN ulisumbuliwa na kipande cha mkate, ikaaminika ndege ndiye aliyekidondosha. Wanasayansi wanatafuta mwanzo wa ulimwengu, ndege anatafuta kifungua kinywa.

Turudi kwenye ukoo. Fisi maji ni wa ukoo huo. Mwaka 2023 huko Santa Cruz, California, fisi maji jike aliyepewa namba 841 alikuwa anapanda kwenye mbao za watu wanaoteleza juu ya mawimbi, anawafukuza, anaketi, anautafuna ubao. Maafisa walimtafuta kwa wiki kadhaa, hawakumkamata, baadaye akaonekana na mtoto. Na nyegere, mnyama ambaye lugha yetu imemheshimu kabla ya intaneti kumgundua, ni wa ukoo huohuo. Nyegere ana ngozi nene iliyolegea, hivyo ukimkamata anageuka ndani ya ngozi yake mwenyewe na kukung'ata. Kule Moholoholo, kituo cha kutunza wanyamapori Afrika Kusini, kuna nyegere aliyeitwa Stoffel ambaye alitoroka kila banda alilojengewa. Alipanda juu ya mti, wakaukata. Akaegemeza reki ukutani akapanda. Wakaondoa reki, akarundika mawe. Wakaondoa mawe, akafinyanga udongo akapanga matonge. Wakuu, huyo ndiye mdukuzi. Ofisi zinalipa watu wapime usalama wa mifumo yao na wanaleta kurasa 80 za majedwali. Stoffel angeleta matope tu, na mlango ungekuwa wazi.

Sasa hebu niwageukie waandishi wa vichwa vya habari. "Mnyama mwenye hasira ashambulia." Hasira gani? Mlimuuliza? Aprili 1979 rais wa Marekani Jimmy Carter alikuwa anavua samaki kwao Georgia, sungura akaogelea kuelekea mtumbwi wake, rais akamrushia maji kwa kasia, sungura akageuza. Mwisho wa tukio. Magazeti yakaandika sungura muuaji, na Carter alibebeshwa kisa hicho miaka mingi. Halafu papa naye: kuna video yake akiuma mkongo wa baharini, dunia nzima ikaamini kwamba intaneti ikisuasua ni papa. Kumbe mikongo mingi inakatwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi. Papa anasingiziwa mchana kweupe. Panya wangu ana ushahidi, kinyesi na alama za meno, anaitwa "kiumbe wa nje asiye na idhini". Hiyo ndiyo haki?

Ila na sisi watu wa IT tuna dhambi yetu, tuseme ukweli. Tumewachokoza hawa viumbe kwa majina. Hitilafu ya programu tunaiita mdudu, na kuna siku alikuwa mdudu kweli: tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimtoa nondo ndani ya swichi, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba hiyo ni mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Neno lenyewe mafundi walishalitumia kabla, ndiyo maana walicheka. Daftari lile liko makumbusho hadi leo. Waoneni wale, ripoti yao ilisema nondo, na hakuna aliyewaambia watoe sababu ya kitaalamu!

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aling'atwa na pengwini mdogo huko Canberra mwaka 1993, akasema ameambukizwa ugonjwa wa kuwaza pengwini usiku kucha, na miaka mitatu baadaye Linux ikapewa pengwini kuwa nembo. Sijui kama pengwini aliulizwa. Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, toleo lake la kwanza mwaka 2004 lilipewa jina la ngiri. La Aprili 2018 likapewa jina la biva, yule mgugunaji wa majini anayejenga mabwawa. Aprili 2021, Tumbler Ridge huko Kanada, biva wa kweli akatafuna kebo ya faiba iliyozikwa ardhini, tena sehemu kadhaa, wateja kama 900 wakakosa intaneti. Mafundi walipofika wakakuta utepe wa alama za kebo umeshakuwa sehemu ya makazi yake. Alikuja kudai mrabaha.

Wa kuheshimiwa ni njiwa peke yake. Tarehe 1 Aprili 1990 ilitolewa RFC 1149, kanuni ya kusafirisha pakiti za intaneti (vipande vidogo vya data) kwa njiwa, mzaha wa Siku ya Wajinga ulioandikwa kwa lugha kavu kama sheria ya bunge. Mwaka 2001 wapenzi wa Linux wa Bergen, Norwei, wakaitekeleza: pakiti 9 zikatumwa, majibu 4 yakarudi, mawili yakachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kuna siku laini yetu hapa ofisini ingeonea wivu namba hizo. Na si utani kabisa, maana mwaka 2009 huko Afrika Kusini njiwa aitwaye Winston alibeba gigabaiti 4 karibu na Durban, na hadi data yote inamaliza kupakuliwa upande wa pili, laini ya intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4. Nimeshapendekeza njiwa kwenye kikao. Kumbukumbu za kikao zinasema "mjumbe alitania".

Basi, nilichoomba mimi ni kitu kidogo: mabomba ya chuma ya kupitishia kebo, na njia ya pili ipite kwingine, mbali na hiyo dari. Jibu limekuja jana. Nimeambiwa bajeti imeenda kwenye zoezi la nywila, ila nimeruhusiwa kuleta paka.

Nimeleta paka. Panya hawasikiki, hilo nakiri. Lakini chumba cha seva kina kiyoyozi, na paka hapendi baridi, kwa hiyo amechagua kulala juu ya seva kuu, palepale hewa ya moto inapotokea. Leo saa kumi alfajiri seva imezidi joto ikajizima yenyewe. Nimefungua feni, nimetoa manyoya ya kutosha kutengeneza paka wa pili.

Ripoti inatakiwa kesho saa 2 asubuhi. Wakuu wenye lugha nzuri, "paka alilalia tundu la hewa" kitaalamu inaandikwaje?