Naomba ushauri: mtendaji wa kata ashtakiwe binafsi au halmashauri inatosha?

Habari za leo wanasheria na wajuzi wengine. Mtendaji wa kata amebomoa kibanda cha mfanyabiashara na kubeba bidhaa zake, bila amri ya mahakama, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa haikuandikwa. Notisi ya siku 90 ya kifungu cha 6, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali (Sura ya 5), ilipelekwa halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zimeisha, kimya.

Kwamba shauri ni la Mahakama Kuu, na kwamba tangu marekebisho ya 2020 kutomuunganisha Mwanasheria Mkuu kunaliua shauri, hilo liko wazi. Kinachokwamisha ni kinga: ofisa aliyetenda kwa nia njema, kazini, hawajibiki binafsi. Inauma, maana mtaji wote wa mtu umeondoka.

Je, kukosekana kwa amri na orodha kunatosha kuonyesha kwamba hakukuwa na nia njema, au hati ya madai ieleze chuki mahususi ili mtendaji asiondolewe kwenye kesi kwa pingamizi la awali (hoja ya kisheria inayotolewa kabla kesi haijasikilizwa)? Na zile siku 90, huwa zinaondolewa kwenye hesabu ya ukomo wa miaka 3 wa kufungua madai ya madhara?