Naomba ushauri: udi kukosa besi kwenye bodi ya kukuza sauti

Assalaam alaykum mafundi. Niko Wete, Pemba. Natengeneza bodi ndogo ya saketi ya kukuza sauti ya udi (ala ya nyuzi) wa kaka yangu kabla haijaingia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Kinasa sauti ni piezo (kidude kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) ya nanofaradi 15, ukinzani wa ingizo la kikuza ni kilo-omu 10. Nyuzi nyembamba zinalia vizuri, lakini uzi mnene, ndio utamu wenyewe wa udi, unatoka mkavu kama bati. Njia ya shaba inayopitisha sauti kwenye bodi ni sentimita 8 tu. Nilifunga rezista ya omu 50 mwishoni, kama saketi za redio. Sauti ikafifia kabisa. Kebo nimebadilisha, wapi!

Je, kwa masafa ya hezi 20 hadi 20,000 kuna haja ya kulinganisha impedansi (ukinzani kwa umeme unaobadilika) ya njia, au nipandishe ingizo tu hadi megaomu 1? Nikipandisha, mvumo wa umeme wa hezi 50 nitauzuiaje?